Rezista na kapasita za SMD kwa bodi za kujitengenezea: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya humjia karibu kila mtu anayeacha vifaa vya miguu mirefu na kuanza kuchora bodi yake ya saketi kwa vifaa vya SMD, yaani vile vinavyolehemiwa juu ya uso wa bodi bila kutoboa tundu. Utaona majibu ya rezista, kifaa kinachozuia mkondo, ni mafupi, na ya kapasita, kifaa kinachohifadhi chaji, ni marefu. Ndivyo mambo yalivyo: rezista iliyoandikwa 10 kΩ ni 10 kΩ kweli, lakini kapasita iliyoandikwa 10 µF bado hujajua itakupa ngapi mpaka ujue ni ya aina gani, ya saizi gani, na umeiwekea volti ngapi.

Nianze na saizi gani?

0805. Ina urefu wa mm 2.0 na upana wa mm 1.25, unaiona bila kioo cha kukuza, unaishika kwa kibano bila kuipoteza, na chini yake inaweza kupita njia moja nyembamba ya shaba. Ukishazoea, hamia 0603 (mm 1.6 kwa 0.8), ambayo kwangu ndiyo saizi bora kwa kazi nyingi: inaokoa nafasi, bado inalehemika kwa mkono, na baadhi ya matoleo ya 0603 bado yana maandishi yanayosomeka.

1206 (mm 3.2 kwa 1.6) iweke kwa mahali penye joto, volti kubwa au kapasita za thamani kubwa. Wanaoanza huikimbilia kwa sababu ni kubwa, ila haiwasaidii sana. Tofauti ya ugumu wa kulehemu kati ya 1206 na 0805 ni ndogo mno.

Chagua saizi moja iwe ya kawaida yako, ununue akiba yako katika saizi hiyo, na utoke nje yake pale tu hesabu inapokulazimisha. Mwenye droo tatu zenye 10 kΩ za saizi tatu tofauti huishia kukosa ile anayoihitaji.

Namba kama 0805 zina maana gani, na kwa nini wengine huandika 2012?

Ni vipimo. 0805 ni mia za inchi: 0.08 kwa 0.05. 2012 ni kifaa kilekile kwa kumi za milimita: 2.0 kwa 1.2. Vivyo hivyo 0603 ni 1608 kwa milimita, na 1206 ni 3216.

Hatari iko kwenye namba zinazopatikana katika mifumo yote miwili. 0603 ya milimita ni 0201 ya inchi, kifaa cha mm 0.6 kwa 0.3. 0402 ya milimita ni 01005 ya inchi, ambayo mkononi ni vumbi. Kabla ya kulipa, soma vipimo vya milimita kwenye ukurasa wa bidhaa, usitegemee jina peke yake. KiCad, programu ya kuchora bodi, imelitatua hili vizuri kwa kuandika majina yote mawili kwenye alama zake za kuwekea vifaa, mfano R_0805_2012Metric.

Kwa mkono naweza kufika hadi saizi gani?

0402 inawezekana kwa chuma cha kulehemu chenye ncha nyembamba, fluksi (kemikali inayosaidia lehemu kushika) ya kutosha na kioo cha kukuza. Je, kuna haja? Mara chache: bodi ikiwa ndogo sana, au chipu ikiwa na pini zilizosongamana kiasi kwamba 0603 haifiki karibu nazo. Chini ya hapo tumia krimu ya lehemu na hewa moto au sahani ya joto, au waachie wenye mashine.

Kwenye KiCad kuna matoleo ya alama yanayoishia na HandSolder, yenye pedi, yaani vipande vya shaba vya kulehemia, ndefu kidogo ili ncha ya chuma ipate pa kugusa. Yatumie kama unalehemu kwa mkono. Kama bodi itapita mashineni, tumia ya kawaida.

Rezista ndogo hivi haiungui? Inabeba wati ngapi?

Viwango vya kawaida ni 1/16 W kwa 0402, 1/10 W kwa 0603, 1/8 W kwa 0805 na 1/4 W kwa 1206. Namba hizi ni za hewa isiyozidi nyuzi 70 za Selsiasi. Kutoka hapo uwezo unashuka kwa mstari ulionyooka hadi sifuri, na kwa rezista nyingi sifuri hiyo iko kwenye nyuzi 155.

Piga hesabu kabla ya kuogopa. Taa ya LED yenye volti 2, ikilishwa na volti 5 kupitia 330 Ω, inapitisha takribani 9 mA. Rezista inatoa joto la takribani 27 mW. Hata 0402 haitashtuka. Rezista za kuvutia pini juu, za mgawanyo wa volti na za geti za transista karibu zote ziko chini ya hapo.

Kinachounguza rezista ni kazi za aina nyingine. Volti 12 juu ya 100 Ω ni 1.44 W, na hakuna saizi yoyote tuliyoitaja inayoweza hilo. Rezista ya kupimia mkondo nayo ikokotolewe kwa mkondo wa juu kabisa utakaopita: ampea 3 kwenye 0.1 Ω ni 0.9 W, na rezista ya 2512, ambayo kwa kawaida ni ya 1 W, inakuwa pembeni kabisa mwa uwezo wake. Afadhali 0.05 Ω, joto linashuka hadi 0.45 W. Mimi husimama kwenye nusu ya kiwango kilichoandikwa, kwa sababu joto la rezista hutoka zaidi kupitia pedi na shaba ya bodi, na shaba yako huenda si pana kama ya maabara ya mtengenezaji.

Na volti?

Zina kikomo pia, na watu hulisahau hili. 0805 kwa kawaida ni volti 150, 1206 ni 200, 0603 ni 50 au 75. Kwa saketi za betri haikuhusu. Ukifanya kazi na volti za mamia, panga rezista kadhaa mfululizo ili kila moja ibebe sehemu yake.

Rezista ya usahihi wa asilimia 1 au 5?

Asilimia 1. Kwa idadi anayonunua mtu wa kujitengenezea, tofauti ya bei ni kama haipo, na ya asilimia 1 inafanya kazi popote pale ambapo ya 5 ingefanya.

Utakaposhukuru ni kwenye mgawanyo wa volti wa regyuleta, chipu inayoshikilia volti mahali pamoja: rezista mbili ndizo zinazoiambia itoe volti ngapi. Tuseme regyuleta ina rejeo la volti 0.8 nawe unataka 3.3. Kwa rezista mbili za asilimia 1, hali mbaya kabisa inakusogeza takribani asilimia 1.5, yaani volti 0.05 hivi. Kwa za asilimia 5 unaweza kusogea volti 0.25, na hapo chipu ya 3.3 inaanza kukaribia mpaka wake.

Filamu nene na filamu nyembamba zinatofautianaje?

Rezista nyingi za bei ya chini ni za filamu nene, na hubadilika kwa sehemu 100 hadi 200 kwa milioni kwa kila nyuzi ya joto. Za filamu nyembamba hushuka hadi 25 au chini yake, na zina kelele ndogo zaidi. Lipia filamu nyembamba kwenye kipimo sahihi au kikuza sauti cha hatua ya kwanza. Kwingineko ni pesa bure.

Nasomaje maandishi juu ya rezista?

Tarakimu tatu: mbili za mwanzo ni thamani, ya tatu ni idadi ya sifuri. 103 ni 10 na sifuri tatu, yaani 10 kΩ. Tarakimu nne ni hivyohivyo, tatu kwanza kisha sifuri: 1002 ni 10 kΩ pia. R inasimama mahali pa nukta, kwa hiyo 4R7 ni 4.7 Ω na R100 ni 0.1 Ω.

Mfumo wa EIA-96 ndio unaochanganya. Tarakimu mbili ni namba ya mstari kwenye jedwali la thamani 96, na herufi ni kizidishi. 01C: 01 ni 100, C ni mara 100, jibu ni 10 kΩ. Usijaribu kukariri jedwali. Chukua multimita, pima. 0402 kwa kawaida hazina maandishi yoyote.

Rezista ya 0 Ω ni ya nini?

Ni daraja. Inaruka juu ya njia nyingine kwenye bodi ya upande mmoja, au inakuachia nafasi ya kuamua baadaye: weka pedi mbili, na siku ya majaribio utaweka 0 Ω, rezista halisi, au utaacha wazi. Kwenye bodi ya toleo la kwanza ninaziweka kwa wingi kwenye laini za umeme za kila sehemu, maana kuing'oa 0 Ω moja ili kujua sehemu gani inakula mkondo ni kazi nyepesi kuliko kukata shaba.

Niweke akiba ya thamani zipi?

Rezista: 0, 10, 22, 100, 220, 330 na 470 Ω, kisha 1, 2.2, 4.7, 10, 22, 47 na 100 kΩ, na 1 MΩ. Agiza 1 kΩ na 10 kΩ nyingi kuliko zote. Thamani nyingine utazipata kwa kuunganisha mbili au kuagiza kwa mradi husika.

Kapasita (herufi kama X7R na C0G zinaelezwa kwenye swali linalofuata): 100 nF ya X7R volti 50, kwa mamia. 1 µF ya X7R volti 25. 10 µF ya volti 25 katika 0805 au 1206. Kisha za C0G: 15, 18 na 22 pF, na 1 nF. Ongeza 10 nF kama unacheza na sauti au vichujio.

Kwa idadi, usinunue kumi kumi. Rezista za mia moja hazina bei ya kutisha, na utapoteza kadhaa sakafuni.

X7R, X5R, C0G, Y5V: herufi hizi zinasema nini?

Hapa ndipo penye kazi. Kapasita za seramiki zimegawanyika makundi mawili makubwa, na herufi zinakuambia uko kundi gani.

C0G, inayoitwa pia NP0, ni ya kundi la kwanza. Haibadiliki kwa joto zaidi ya sehemu 30 kwa milioni kwa nyuzi, haipungui kwa volti, haizeeki, haitoi mlio. Kasoro yake ni kwamba haipatikani kwa thamani kubwa: pikofaradi hadi nanofaradi chache ndiyo makazi yake. Tumia C0G kwa kristali, saketi za redio, vichujio vya sauti na saa za RC, yaani za rezista na kapasita.

X7R na X5R ni za kundi la pili. Herufi ya kwanza ni joto la chini, tarakimu ni joto la juu, herufi ya mwisho ni mabadiliko yanayoruhusiwa kati ya hizo mbili. X ni nyuzi 55 chini ya sifuri, 7 ni 125, 5 ni 85, na R ni asilimia 15 kwenda juu au chini. Kwa hiyo X5R si mbovu kuliko X7R kwa kila kitu, ila inaishia nyuzi 85. Kwenye bodi ya mezani inatosha kabisa.

Y5V inaruhusiwa kupanda asilimia 22 na kushuka asilimia 82 kati ya nyuzi 30 chini ya sifuri na 85 juu yake. Soma tena: kushuka asilimia 82. Usiiweke kwenye bodi yako. Zipo kwenye vifurushi vya mchanganyiko vya bei ya chini, wakati mwingine bila kutajwa aina, na hiyo ndiyo sababu ninaziepuka kapasita zisizo na jina la mtengenezaji wala namba ya bidhaa.

Nimeweka 10 µF, mbona saketi inafanya kana kwamba kuna 4?

Kwa sababu huenda zipo 4. Seramiki ya kundi la pili hupoteza uwezo ukiiwekea volti ya moja kwa moja, na kadiri volti inavyopanda ndivyo inavyopotea. Kapasita ya 10 µF katika 0603 iliyoandikwa volti 6.3, ikiwekwa kwenye laini ya volti 5, si ajabu ipoteze nusu au zaidi. Herufi X5R au X7R hazisemi neno juu ya hili. Zinahusu joto tu, na X7R mbili za thamani moja kutoka kwa watengenezaji wawili zinaweza kutofautiana sana.

Kinachotawala ni ujazo. Watengenezaji wakibana 10 µF ndani ya 0603 hulazimika kufanya tabaka za seramiki kuwa nyembamba mno, na tabaka nyembamba hupata msukumo mkubwa wa umeme kwa volti ileile. 10 µF hiyohiyo ya volti 25 katika 1206, kwenye laini ileile ya volti 5, hupoteza sehemu ndogo tu. Kwa hiyo dawa mara nyingi ni kupanda saizi. Kupanda volti iliyoandikwa bila kubadilisha saizi wakati mwingine hakusaidii sana, kwa kuwa ujazo wa seramiki umebaki uleule.

Watengenezaji wakubwa kama Murata, TDK na Samsung Electro-Mechanics huweka grafu ya kila bidhaa kwenye tovuti zao: weka volti yako, usome uwezo uliobaki. Dakika mbili za kuangalia grafu hiyo zina thamani kuliko saa nzima ya kubishana kuhusu X5R na X7R. Kwa 100 nF ya volti 50 katika 0603 au 0805 kwenye laini ya 3.3 au 5, usijisumbue, hasara ni ndogo.

Basi nichague volti ngapi?

Kwa seramiki, angalau mara mbili ya volti ya laini: 10 kwa 5, 25 kwa 12. Halafu angalia grafu. Kwa kapasita ya tantali ya kawaida pia usizidi nusu ya kilichoandikwa, ila sababu ni nyingine: tantali inayozidiwa au kupigwa na mkondo wa ghafla hufa kwa kupiga shoti ndani yake, na baadhi huwaka moto. Kapasita ya aluminiamu ni mvumilivu zaidi, akiba ya robo hivi inatosha.

Kila mtu anasema 100 nF kwa kila pini ya umeme. Ni desturi tu au kuna sababu?

Sababu ipo. Chipu inapobadili hali huhitaji mkondo ndani ya nanosekunde, na njia ndefu ya shaba kutoka kwenye regyuleta haiwezi kuuleta haraka hivyo. Kapasita iliyo karibu ndiyo inayotoa.

Neno kubwa hapo ni karibu. 100 nF iliyo sentimita tatu kutoka kwenye pini imepoteza nusu ya maana yake. Iweke upande uleule wa bodi na chipu, njia fupi na pana, na upande wa graundi ushuke mara moja kwenye tundu lake lenyewe kwenda tabaka la graundi. Thamani yenyewe si takatifu, hata 220 nF au 1 µF ya saizi ileile itafanya kazi, mara nyingi vizuri zaidi.

Zamani ilishauriwa kuweka 10 nF, 100 nF na 1 µF pamoja kwa kila pini. Kwa seramiki za sasa za saizi moja sioni faida yake kwenye bodi za kawaida. Kinachozuia kapasita kwenye masafa ya juu ni induktansi (ukaidi wa njia dhidi ya mabadiliko ya ghafla ya mkondo) ya umbo lake na ya njia zako, na zote tatu zina umbo moja.

Kapasita za kristali nazikokotoaje?

Datashiti (karatasi ya maelezo ya mtengenezaji) ya kristali, kifaa kinachoipa chipu mapigo ya saa, inataja mzigo, mfano 12 pF. Toa uwezo wa bodi na pini, ambao kwa kawaida ni 3 hadi 5 pF, kisha zidisha kwa mbili. 12 toa 4 ni 8, mara mbili ni 16. Weka 15 au 18 pF kila upande, C0G, na usiguse X7R. Watu wengi huweka 22 pF kwa mazoea. Kristali hufanya kazi, lakini saa inakwenda pembeni.

Regyuleta yangu inayumba ingawa nimeweka kapasita nzuri za seramiki. Kwa nini?

Inawezekana ni nzuri mno. Regyuleta za LDO (zile zinazohitaji volti ya kuingia kuzidi ya kutoka kwa kidogo tu) za zamani ziliundwa zikitegemea ukinzani wa ndani wa kapasita ya tantali au aluminiamu ili zitulie. Seramiki ina ukinzani mdogo sana, na regyuleta hiyo huanza kutetema. Tafuta kwenye datashiti sehemu ya kapasita ya kutokea: kama inataja kiwango cha chini cha ukinzani, weka tantali, au weka rezista ndogo ya sehemu ya omu mfululizo na seramiki. LDO nyingi mpya zinaikubali seramiki na datashiti husema hivyo waziwazi.

Sababu ya pili ni ile ya juu: datashiti ilitaka angalau 4.7 µF, ukaweka 4.7 µF ya 0402, na iliyobaki chini ya volti ni 2.

Nikichomeka adapta ya volti 12, regyuleta ya kikomo cha volti 20 inakufa papo hapo. Adapta ni mbovu?

Pengine adapta ni nzima. Waya mrefu wa adapta una induktansi, na kapasita ya seramiki ya kuingilia ina ukinzani mdogo mno. Ukichomeka adapta ambayo tayari iko hai, mkondo unakimbilia kwenye kapasita, unapita kiasi, na volti inaruka hadi karibu mara mbili ya ile ya adapta kabla ya kutulia. Volti 12 inagusa karibu 24 kwa muda mfupi sana. Multimita haioni, lakini chipu inaona.

Dawa ya bei ndogo ni kapasita ya aluminiamu sambamba na ile ya seramiki, yenye uwezo mara kadhaa ya seramiki. Ukinzani wake wa ndani unakula mruko. Ongeza dayodi ya TVS, inayokata mruko wa volti, kama kuna kitu cha gharama nyuma yake, na chagua regyuleta yenye nafasi ya kutosha juu ya volti unayotumia. Hapa ndipo ile kapasita ya aluminiamu, ambayo wengi huitoa kwenye mchoro kwa sababu ni kubwa na si ya kisasa, inalipa nafasi yake.

Kapasita ya seramiki inaweza kupasuka bila kuguswa?

Bodi ikipinda, ndiyo. Seramiki haipindi pamoja na bodi, inapata ufa mdogo usioonekana, na baada ya muda ufa huo unaweza kupigisha shoti laini ya umeme na graundi. Kubwa hupasuka kwa urahisi kuliko ndogo, na hii ni sababu nyingine ya kutopenda 1206 kila mahali, achilia mbali 1812 na zaidi. Ziweke mbali na skrubu, mbali na soketi zinazosukumwa kwa nguvu na mbali na mstari wa kuvunjia bodi. Kama ni lazima ziwe karibu na ukingo, zilaze sambamba na mstari wa kuvunjia. Zipo pia zenye ncha laini zinazovumilia kupinda.

Bodi yangu inatoa mlio mwembamba. Ni kapasita?

Inaweza kuwa hiyo au koili. Seramiki ya kundi la pili hutanuka na kusinyaa kidogo volti inapobadilika, na bodi inakuwa ngozi ya spika. Kinyume chake pia ni kweli: ukiigonga hutoa volti, kwa hiyo usiitumie kwenye njia ya sauti ya kikuzaji nyeti. C0G haina tabia hiyo.

Kapasita hazina maandishi. Zikimwagika nitazitambuaje?

Kwa kuzipima moja moja, na hata hivyo hutajua volti wala aina yake. Rangi haiaminiki. Zilizomwagika na kuchanganyika, tupa. Zibaki kwenye mkanda wao hadi dakika ya kuziweka, na andika kwenye mkanda thamani, volti na aina, si thamani peke yake.

Multimita inasoma 8.5 µF kwenye kapasita mpya ya 10. Nimeuziwa bandia?

Si lazima. Asilimia 20 ni usahihi wa kawaida kwa thamani hizo, unaoandikwa kwa herufi M. K ni asilimia 10. Tena multimita hupima kwa volti ndogo na masafa yake yenyewe, tofauti na mtengenezaji. Kuna pia kuzeeka: X7R hupoteza hadi takribani asilimia 2.5 kila muda tangu ilipopashwa joto unapozidishwa kwa kumi, na ukiilehemu joto huirudisha upya. Kifaa kilicho tayari kwenye bodi usikipime kwa kutegemea jibu, maana kila kilicho sambamba nacho kinapimwa pia.

Nalehemu vipi bila kuharibu?

Weka lehemu kidogo kwenye pedi moja. Shika kifaa kwa kibano, yeyusha lehemu ile, sukuma kifaa ndani yake, ondoa chuma, subiri ikae. Lehemu upande wa pili, kisha rudi wa kwanza uongeze fluksi na uupashe tena. Waya wa lehemu wa mm 0.5 unatosha. Lehemu yenye risasi ya 63/37 huyeyuka kwa nyuzi 183 na ndiyo rahisi kwa mkono. Isiyo na risasi ya SAC305 inataka kama 217 hadi 220. Nawa mikono ukitumia yenye risasi.

Kapasita za seramiki hazipendi chuma cha moto kiziguse mwilini ghafla. Gusa pedi, lehemu ibebe joto. Kwa kubwa, pasha bodi kwanza kwa hewa moto.

Kwenye krimu na joto, kifaa kidogo kikisimama kwa ncha moja, sababu ni kwamba upande mmoja umeyeyuka kabla ya mwingine. Angalia kama pedi moja imeungana na shaba pana ya graundi bila vijia vyembamba vya kuzuia joto.

Zina upande?

Rezista na seramiki hazina. Tantali mstari ni chanya. Aluminiamu alama nyeusi ni hasi. Watu huchoma tantali kwa kusoma mstari wake kama wa aluminiamu.

Kifaa nilichochagua kimeisha. Nabadilishaje?

Rezista: thamani ileile, saizi ileile, wati na usahihi sawa au zaidi, imekwisha. Kapasita: saizi, thamani, volti sawa au zaidi, aina sawa au bora zaidi, kisha fungua grafu ya volti ya mbadala na uilinganishe na ya kwanza. Mwaka 2018 kapasita za seramiki ziliadimika duniani kote, na waliokuwa wameandika namba moja tu ya bidhaa kwenye orodha zao walipata shida zaidi. Kwa 10 µF na zaidi, chora pedi za 1206 hata kama 0805 inatosha leo, au weka nafasi ya kapasita mbili sambamba. Ukikosa moja ya 22 µF, mbili za 10 µF zitaingia bila kuchora bodi upya.